Kabla ya kununua mashine ya kukausha samadi, pima maji yaliyomo

Tangu bei ya mbolea za viwandani ilipopanda mwaka 2022, mazungumzo kuhusu samadi yamebadilika sana katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Kinyesi cha kuku, ambacho zamani mfugaji wa Ngaramtoni au Usa River alimshukuru yeyote aliyekuja kukizoa, sasa kina bei na kina madalali, na katika makundi ya WhatsApp ya wafugaji haupiti muda mrefu kabla mtu hajatuma picha ya pipa refu la chuma linalozunguka, pamoja na maelezo kwamba linakausha tani moja kwa saa. Maswali yanayofuata ni yale yale: inauzwa bei gani, inatumia umeme au dizeli, na je, kinachotoka huko kinaweza kutiwa kwenye mifuko na kuuzwa siku hiyohiyo? Majibu hugongana. Mmoja husema mashine inaua vijidudu vyote, mwingine husema inaua mbolea yenyewe, na wa tatu huapa kwamba mfuko mmoja wa samadi iliyokaushwa unashinda mfuko wa urea. Mtu anayefikiria kuingia mkopo kwa ajili ya mashine ya namna hii anastahili maelezo yaliyo wazi zaidi ya hayo.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Kinyesi kibichi ni kile kilichotoka kwa mnyama na hakijafanyiwa chochote. Samadi ni kinyesi hicho kikiwa kimechanganyika na mkojo, maranda ya banda na mabaki ya malisho. Mboji ni samadi iliyoozeshwa kwa kusimamiwa, ikapanda joto, ikapoa na kutulia. Samadi iliyokaushwa ni samadi iliyoondolewa maji tu, na hilo ni jambo jingine kabisa na kuoza. Unyevu, kwa maana tutakayoitumia hapa, ni sehemu ya uzito wa samadi ambayo ni maji: samadi yenye unyevu wa asilimia 75 ina kilo 75 za maji katika kila kilo 100 unazopakia kwenye fuso.

Maji ndiyo gharama

Kuku mmoja wa mayai hutoa takriban gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, na karibu robo tatu ya kinyesi hicho ni maji. Kinyesi cha ng'ombe wa maziwa kina maji mengi zaidi, kati ya asilimia 80 na 85, na banda likioshwa kwa mpira wa maji, tope linaloteremka mferejini huweza kuzidi asilimia 90. Maranda yanayotolewa katika banda la kuku wa nyama, kama vinyweo havivuji na hewa inapita vizuri, huwa na unyevu wa asilimia 25 hadi 35 tu. Kwa hiyo wafugaji watatu wanaosema kila mmoja ana tani moja ya mbolea huwa wana mizigo mitatu isiyofanana hata kidogo, na mashine inayomfaa mmoja inaweza kumfilisi mwenzake.

Chukua tani moja ya kinyesi cha kuku wa mayai. Ndani yake mna kilo 250 za vitu vikavu na kilo 750 za maji. Ili mbolea ikae kwenye mfuko bila kuota ukungu wala kupata joto, unyevu unapaswa kushuka hadi karibu asilimia 15. Ukifika hapo, zile kilo 250 zitakuwa zimebaki na kilo 44 tu za maji, jumla kilo 294, na mashine itakuwa imegeuza kilo 706 za maji kuwa mvuke. Mifuko ya kilo 50 utakayoipata kutoka kwenye tani ile haitimii 6.

Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji nishati inayolingana na uniti 0.7 hivi za umeme, hata kama mashine haipotezi chochote, na hakuna fundi wala kiwanda kinachoweza kushusha kiwango hicho kwa kupuliza tu hewa moto juu ya samadi. Mapipa ya kukaushia hupoteza joto kupitia bomba la moshi na kupitia kuta zake, hivyo uniti 1 kwa kila lita ya maji ni makadirio ya haki kwa mashine inayotunzwa vizuri. Kwa tani yetu moja tunahitaji basi uniti 700 hivi. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu uniti 10, kwa hiyo zinahitajika lita 70. Kilo moja ya kuni kavu ina uniti 4 hivi, kwa hiyo zinahitajika kilo 175. Gawanya lita hizo 70 kwa mifuko isiyotimia 6, utaona kwamba kila mfuko umekula karibu lita 12 za dizeli kabla hujalipa umeme wa mota, kibarua, mfuko wenyewe na rejesho la benki.

Sasa fanya hesabu ileile kwa samadi ambayo tayari imeshushwa hadi unyevu wa asilimia 40 kabla ya kuingia kwenye pipa. Vitu vikavu ni vilevile kilo 250 na mifuko itakayotoka ni ileile, lakini maji yanayobaki kwa ajili ya moto ni kilo 123 tu. Dizeli imeshuka kutoka lita 70 hadi lita 12 hivi kwa kazi nzima, sawa na lita 2 kwa mfuko. Anayefua nguo hukamua kwanza ndipo aanike, kwa sababu tone lililotoka kwa nguvu ya mkono halihitaji tena kusubiri jua, na kiwanda cha samadi kinachofaulu kinaendeshwa kwa mantiki hiyohiyo: kila lita ya maji inayoweza kuondoka kwa kukamuliwa, kwa upepo, kwa jua au kwa joto la kuoza isiachiwe moto wa kununua. Hili ndilo jambo ambalo matangazo hayalisemi, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mradi utaishi au utakufa.

Namna ya kupunguza maji kabla ya moto

Kwa ng'ombe, kifaa cha kwanza ni kikamulio cha skrubu. Ni skrubu nene inayozunguka ndani ya bomba lenye matundu madogo kama chujio. Tope linaingia upande mmoja, maji yanapenya kwenye matundu, na mwishoni hutoka nyuzinyuzi za majani yaliyokwisha kusagwa na tumbo la ng'ombe, zikiwa na unyevu wa karibu asilimia 70. Ukizifumbata mkononi zinashikamana, ukifungua zinaachana. Kikamulio hiki hutumia umeme kidogo sana ukilinganisha na moto. Lakini maji yanayotoka hayawezi kutupwa, kwa sababu sehemu kubwa ya potasiamu na ya naitrojeni inayoyeyuka imeondoka nayo, na yakielekezwa mtoni yatachafua maji ya watu walio chini. Mito ya Themi na Naura inapita katikati ya Arusha, Karanga na Rau inapita Moshi, na yote ni sehemu ya bonde la mto Pangani. Ndiyo maana anayenunua kikamulio lazima awe na shamba la migomba, majani ya malisho au bustani inayoweza kuyapokea maji hayo mwaka mzima.

Kwa kuku mambo ni magumu kidogo. Kinyesi chao hakina nyuzi ndefu. Ni laini na kinanata, huziba matundu ya chujio, na chembe za mchanga na chokaa zilizomo kwenye chakula hula skrubu haraka. Wafugaji wa kuku wa keji, yaani wa vizimba vya waya, wenye mtaji hukausha kinyesi kikiwa bado chini ya kuku, kwa mkanda unaokipokea na bomba linalopuliza hewa ya kawaida juu yake. Siku chache za upepo huo zinaweza kuondoa zaidi ya nusu ya maji bila moto wowote. Asiye na mkanda anaweza kuchanganya. Moshi ina maganda ya kahawa kutoka viwanda vya kukoboa na ina makapi ya mpunga kutoka skimu ya Lower Moshi, na vitu hivyo vikavu vikichanganywa na kinyesi hushusha unyevu mara moja: tani moja ya kinyesi chenye asilimia 75 ikichanganywa na kilo 400 za maganda yenye asilimia 10 huwa mchanganyiko wenye asilimia 56.

Kiwango hicho cha asilimia 55 hadi 60 kina faida nyingine, kwani ndicho bakteria wa kuozesha wanachokipenda. Kinyesi cha kuku peke yake kina naitrojeni nyingi kuliko wanavyoweza kuitumia, ndiyo maana kinanuka amonia. Maganda huwaletea kaboni wanayoikosa. Rundo lililochanganywa vizuri na kugeuzwa mara kwa mara hupanda hadi nyuzi joto 55 au 65 kwa nguvu ya bakteria wenyewe, na kila linapogeuzwa, wingu la mvuke hupanda hewani asubuhi ya baridi. Mvuke huo ni maji ambayo hukuyalipia. Baada ya wiki kadhaa rundo limepungua, limekuwa jeusi na limekauka kiasi kwamba kazi inayobaki kwa mashine ni ndogo.

Njia ya jua haina siri nyingi: banda la nailoni lenye sakafu ya saruji, samadi ikitandazwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ikigeuzwa kwa reki kila siku, na juu pakiwa na tundu la kutolea hewa yenye mvuke. Kosa la kawaida ni kuziba nailoni kila mahali kwa kudhani joto pekee linatosha, kumbe hewa iliyokwisha kushiba mvuke haikaushi kitu hata ikiwa moto. Na hapa mahali pana uzito wake. Uwanda wa chini ya Moshi na maeneo ya kuelekea Mirerani yana jua na upepo kwa miezi mingi, wakati miteremko ya Meru kuanzia Ngaramtoni kwenda juu huwa na mawingu na baridi Juni hadi Agosti, baada ya masika iliyoloanisha kila kitu tangu Machi. Mfugaji wa Arusha akimwiga wa Chekereni, kwenye uwanda huo wa chini ya Moshi, bila kuangalia mawingu yake mwenyewe, samadi itaoza vibaya kwenye sakafu.

Niongeze jambo kwa wenye ng'ombe wawili au watatu wa ndani huko Machame, Marangu au Arumeru: hawa hawahitaji kukausha chochote. Kinyesi chao kinaweza kutengenezea biogesi, yaani gesi ya kupikia, na kwa kazi hiyo huongezwa maji, kwa kawaida ndoo kwa ndoo, na tope linalotoka upande wa pili wa mtambo bado lina naitrojeni yake na linaweza kwenda moja kwa moja kwenye migomba na kahawa. CAMARTEC, taasisi ya serikali yenye makao yake Arusha, imekuwa ikiisambaza teknolojia ya mitambo hiyo tangu miaka ya 1980, na mafundi wanaoijua kazi wapo. Kukausha kuna maana pale tu samadi inapotakiwa kusafiri mbali, kuhifadhiwa muda mrefu au kuuzwa kwenye mifuko.

Ndani ya pipa

Mashine inayoonekana zaidi kwenye matangazo ni kikaushio cha pipa. Upande mmoja kuna tanuru, upande wa pili kuna feni inayovuta hewa moto ipite ndani ya pipa refu lililolazwa kwa mteremko mdogo na kuzunguka taratibu, mara chache tu kwa dakika. Ndani ya pipa kumechomelewa vibao vya chuma vinavyochota samadi kutoka chini, kuipandisha na kuimwaga kama pazia mbele ya hewa moto, na kwa sababu ya mteremko kila mmwagiko unaisogeza samadi hatua moja kuelekea mlangoni. Hewa ikishatoka hupitia mtego wa vumbi, chombo kama faneli kubwa kinachoizungusha hewa kwa kasi hadi vumbi lianguke chini, kisha huelekea kwenye bomba.

Hewa inayoingia inaweza kuwa na nyuzi joto 400 au zaidi, na hapo ndipo unapozaliwa uvumi kwamba mbolea inaungua. Samadi yenyewe haifikii joto hilo maadamu bado ina maji, kwa sababu kila tone linalogeuka mvuke huchukua joto pamoja nalo. Kwa sehemu kubwa ya safari samadi huwa chini sana ya nyuzi 100. Hatari ya kuungua huja mwishoni, maji yanapokaribia kwisha, au umeme unapokatika pipa likiwa limejaa na tanuru linawaka. Pipa likisimama ghafla likiwa moto, samadi iliyo chini huanza kuungua na chuma chenyewe hupinda kwa kupata joto upande mmoja. Kwa hali ya umeme tunayoijua, jenereta ndogo au mkono wa kuzungushia pipa wakati wa dharura ni sehemu ya mashine, na asiyeuziwa navyo ameuziwa nusu.

Vipo pia vikaushio vya mkanda, ambavyo hupitisha samadi polepole kwenye hewa ya nyuzi joto za chini zaidi. Ni vikubwa na ni ghali, ila vumbi lake ni dogo, na hufaa palipo na joto linalopotea bure karibu, kama la jenereta ya biogesi. Baada ya kukaushwa, samadi husagwa, huchekechwa na pengine hushindiliwa kuwa punje. Mashine ya punje nayo ina masharti ya maji: unyevu ukizidi sana asilimia 15 punje hutoka laini na kuvunjika, ukishuka chini ya 10 hivi matundu huziba na mota kuelemewa.

Yanayosemwa na yasiyo kweli

Inasemwa kwamba kukausha kunaongeza nguvu ya mbolea. Kukausha hakuongezi hata gramu moja ya kirutubisho. Kunaondoa maji, na kilichobaki kinaonekana kikali kwa sababu kimejikusanya. Kwa kweli kuna kinachopotea. Naitrojeni ya kinyesi cha kuku hutoka kwa ndege ikiwa zaidi kama asidi ya yuriki, na kinyesi kikikaa kimelowa, bakteria huigeuza kuwa amonia ndani ya siku chache. Amonia hiyo ikikutana na hewa moto hutoka nje kupitia bomba. Kwa hiyo kinyesi kilichokaushwa mapema, kabla hakijaanza kunuka sana, hubaki na naitrojeni nyingi kuliko kile kilichosubiri wiki mbili kwenye rundo lenye maji halafu kikapitishwa kwenye mashine ya bei mbaya. Samadi kavu ya kuku kwa kawaida ina naitrojeni ya asilimia 3 hadi 5, urea ina 46. Mfuko kwa mfuko, hazilingani. Thamani ya samadi iko kwenye fosforasi, kalsiamu na mabaki ya mimea yanayoulisha udongo na kuushikiza maji, mambo ambayo urea haina, na muuzaji mkweli ataiuza kwa sifa hizo.

Inasemwa pia kwamba mbolea ya kuku inachoma mimea kwa sababu ni ya moto, hivyo ikikaushwa inapoa. Kinachochoma ni amonia na chumvi. Samadi iliyokaushwa bila kuozeshwa bado ina vyakula vyote vya bakteria. Ikikutana na mvua shambani huamka, huanza kuoza palepale kwenye mizizi, na chumvi yake imejikusanya zaidi ya ilivyokuwa. Miche ya nyanya inaweza kukauka kwa mbolea iliyopendeza macho dukani. Samadi ya aina hii itumike kidogo, ichanganywe na udongo mapema na ipewe muda kabla ya kupanda, au iozeshwe kwanza ndipo ikaushwe, njia ambayo binafsi naiona kuwa bora kwa mtu anayeuza kwa wakulima wa mboga.

Kuhusu vijidudu, uvumi ni wa hatari zaidi kwa sababu unahusu afya. Ukavu peke yake hauui. Bakteria wa Salmonella wanaweza kudumu kwa miezi katika samadi kavu, na mayai ya minyoo ni magumu vilevile. Kinachoua ni joto linalodumu ndani ya samadi yenyewe. Umoja wa Ulaya huitaka samadi iliyosindikwa kwa ajili ya soko ifikie nyuzi joto 70 kwa saa 1, na viwango vya Marekani kwa marundo ya kuozesha yanayogeuzwa hudai nyuzi 55 kwa siku 15, rundo likigeuzwa angalau mara 5. Mashine inayopitisha samadi kwa dakika chache inaweza isitimize masharti hayo hata kama kipimo kwenye tanuru kinasoma nyuzi 400. Kinachopaswa kupimwa ni joto la samadi inapotoka, na muda iliokaa katika joto hilo. Jambo hili lina uzito wake katika mikoa inayolisha soko la Tengeru na Kilombero kwa saladi, karoti na nyanya za kachumbari, vyakula vinavyoliwa bila kupikwa. Na samadi safi ikirundikwa kwenye sakafu ileile iliyopokea kinyesi kibichi asubuhi, au ikachotwa kwa koleo lilelile, vijidudu hurudi, na tena huzaliana haraka kwa kuwa washindani wao wamekwisha kufa.

Harufu nayo haifi ndani ya pipa. Inahamia kwenye bomba, ikiwa imebebwa na mvuke na amonia, na huteremka kwa majirani jioni hewa inapotulia. Mashine isiyo na chombo cha kuiosha hewa kwa maji au kitanda cha maganda na mboji cha kuichujia itazua malalamiko hata ikiwa imefungwa mbali na nyumba. Mradi mkubwa wa namna hii una taratibu zake za tathmini ya mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mbolea inayofungashwa kwa ajili ya kuuzwa inatakiwa kusajiliwa na TFRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti mbolea. Kuyajua haya kabla ya kuagiza mashine ni nafuu kuliko kuyajua baadaye.

Mwisho kuna wanaosema samadi ya kuku ikikaushwa inafaa kulishwa ng'ombe. Mizoga ya kuku iliyofichika kwenye maranda imewahi kuleta sumu ya botulizimu na kuua ng'ombe katika nchi kadhaa, na dawa na madini ya chakula cha kuku huendelea kuwemo. Pipa haliondoi sumu hizo. Nisingemshauri mfugaji yeyote afanye hivyo.

Namna ya kuzungumza na muuzaji

Anza na kipimo chako mwenyewe. Chota samadi sehemu mbalimbali za rundo, changanya, pima gramu 100 kwa mizani ya jikoni, itandaze kwenye sinia na uikaushe kwa joto dogo mahali penye hewa hadi uzito usishuke tena. Maabara hufanya hivyo kwa nyuzi joto 105. Zikibaki gramu 30, unyevu wako ni asilimia 70. Rudia masika na kiangazi, kwa maana namba hazitafanana.

Kisha uliza tani moja kwa saa maana yake nini. Ni tani inayoingia au inayotoka? Ikiwa ni inayoingia, yenye unyevu gani? Tumeona kwamba tani moja inayoingia ikiwa na asilimia 75 hutoka kilo 294. Namba pekee isiyoweza kupindishwa ni kilo za maji ambazo mashine inaondoa kwa saa, na muuzaji anayeijua mashine yake ataitaja bila kusita. Linganisha pia na mifugo uliyonayo. Kuku 1,000 wa mayai hutoa kinyesi cha kilo 120 hivi kwa siku. Mashine inayomeza tani moja kwa saa kwa saa 8 inahitaji kinyesi cha kuku wapatao 67,000. Asiye na idadi hiyo atalazimika kununua samadi ya wengine na kusafirisha maji yao barabarani, au mashine yake itakaa imezimwa siku nyingi huku riba ikihesabu.

Uliza vilevile namba hizo zilipimwa kwenye mwinuko gani. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani. Moshi, iliyo kati ya mita 800 na 900, hupungukiwa karibu asilimia 10. Feni ileile iliyojaribiwa usawa wa bahari itasukuma ujazo uleule wa hewa lakini uzito mdogo zaidi, hivyo itabeba joto na mvuke pungufu, na injini ya dizeli isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, itapungukiwa nguvu kwa sababu hiyohiyo. Uliza kama tanuru linaweza kuchoma makapi ya mpunga, maana kuanza kukata miti ya Kilimanjaro ili kukausha kinyesi ni hasara ambayo hakuna mfuko wa mbolea utakaoilipa. Uliza beringi, minyororo na vibao vya ndani vinapatikana wapi vikichakaa, na kama fundi wa SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, au wa karakana ya mjini anaweza kuvichonga.

Wakati wa kuandikishana, mkataba utaje kilo za maji kwa saa, unyevu wa kuingia na wa kutoka, joto la samadi mlangoni, kiasi cha kuni au makapi kitakachotumika, na kwamba majaribio yatafanyika kwa samadi yako, kwenye kiwanja chako, kabla ya malipo ya mwisho kutolewa.